Tundu la Kwanza

Arobaini ya mama ilipopita, Zamda alifungua simu kutazama chaneli waliyoianzisha pamoja kwa ajili ya wasiojua kabisa kudarizi kofia. Video ilikuwa moja tu. Mama alikataa kuonyesha uso, kwa hiyo ilionekana mikono yake peke yake, ikizungushia uzi tundu la kwanza.

Chini ya video mtu alikuwa ameandika: "Shikamoo mwalimu. Kila nikivuta uzi, tundu linachanika. Nakosea wapi?"

Zamda hakujua. Miaka yote mama alipomwita akae ajifunze, alijibu, "Baadaye, mama," akaendelea na yake.

Aliitoa ile kofia ya kwenye video kutoka kwenye mkoba wa mama, sindano ikiwa bado imechomekwa pale pale mama alipoishia. Akaegemeza simu kwenye kopo la unga, akabonyeza kurekodi, akavuta uzi taratibu. Tundu likachanika.

"Marahaba," alisema. "Hata langu limechanika. Mwalimu ametutoka."

Hakuizima simu. Iliendelea kurekodi mikono yake miwili juu ya kofia, imetulia, kama inayongoja kuelekezwa.