Jiwe la Mlangoni

Siku hizi hatuziki. Maiti hugeuzwa jiwe, na jiwe hupelekwa kwenye mlima wa serikali. Kukaa nalo nyumbani ni kosa la jinai. Ndiyo maana sisi wanafunzi wa jiolojia, kabla ya kwenda porini kukusanya miamba, hufundishwa kwanza kumtambua mtu. "Gonga, lamba, tazama," Dakta Nguvila alituambia. Jiwe la mtu lina chumvi kidogo, na kwenye lenzi huonyesha nyuzi nyeupe kama za muhogo.

Nilirudi Tukuyu likizoni na nyundo mpya na majivuno tele. Mama alikuwa jikoni anasukuma chapati. Pale mlangoni lilikuwepo lile jiwe jeusi la kuzuia mlango usijifunge, ambalo tangu utotoni nilikatazwa kulikalia. Nikataka kumwonyesha mama nilichojifunza. Nikaligonga pembeni, vipande vikaruka, nikalamba kimoja.

Mama alisikia mlio, akatoka na unga mikononi. Aliona nyundo, akaona ulimi wangu. Akakaa chini papo hapo.

Sikuhitaji tena lenzi, lakini nilitazama.

"Mama, huyu ni nani?"

Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga.

"Mwanangu Tumpe, baba yako hakukimbilia Zambia kama nilivyokuambia. Nilishindwa kumpeleka mlimani."

Mate yalinijaa mdomoni. Nilitaka kutema, nikakumbuka ni nani, nikameza.