Mama Analala Badala Yangu

Siku hizi mchezaji halali usingizi. Mtu wa kwao hulala kwa niaba yake. Nikitoka mazoezi ya mpira wa wavu, nabandua kibandiko begani nambandikia mama shingoni, na uchovu wangu wote unahamia kwake.

"Lete, mwanangu, mimi nina kazi gani?" husema, akijinyoosha kitandani.

Leo Kocha Mshindo kanifokea. "Shemsa! Kuanzisha mpira tu, na kila siku unakuja kama hujawahi kufundishwa!"

Nimerudi nikamkuta mama bado kalala tangu jana. Mkono wake wa kushoto ukarusha mpira usiokuwepo, wa kulia ukaupiga barabara, sawasawa na nilivyofundishwa mimi nikashindwa.

Nikamtikisa. "Mama, basi, imetosha. Amka."

"Ngoja," akasema, macho kafumba. "Kocha bado hajapuliza filimbi."