Laini Kupita Kiasi

Tak, tak, kama vijiti vikavu vinavyovunjika. Zamda aliisikia milio hiyo huku ameyafumba macho kwa povu.

"Da Tunu, nini hicho?"

"Chanuo tu, bibi harusi. Tulia."

Tunu, msusi wake, akampaka kondishna haraka, akasuuza, akakausha, akampa kioo. Nywele ziling'aa, zikateleza vidoleni kama mlenda. Zamda hakutabasamu. Wakati dawa ya kulainisha nywele ilipokuwa kichwani, Tunu alikuwa mlangoni akicheka kwenye simu, na yeye Zamda akiungua.

"Zioshe tena. Kwa sabuni ya mche, na usipake kitu."

"Harusi kesho, unataka zikakamae?"

"Nataka kuziona zenyewe."

Tunu akaosha polepole, bila utani. Zilipokauka, za upande wa kushoto zilikuwa ngumu kama katani. Zamda akavuta kidogo, fungu zima likabaki mkononi.

"Kondishna haiponyi," Tunu akasema kwa sauti ya chini. "Inajibandika juu ya unywele, na inashika zaidi pale palipoungua. Ningenyamaza, zingekatika wiki ijayo, ukalaumu maji ya kwa mumeo."

Zamda akachukua mkasi mezani, akamwekea kiganjani.

"Kata zote. Siendi ukumbini na uongo kichwani."

Tunu akashika fungu la kwanza la nywele.

"Nitakata," akasema. "Na kesho nitakaa pembeni yako, nimwambie kila atakayeuliza kwamba mimi ndiye niliyeziunguza."