Kaburi Moja, Siku Moja

Cheti kilisema: jembe moja, kaburi moja, siku moja. Theonest alikisoma mara mbili, akatamani kiwe kimekosewa tarehe, kwa maana miguu yake ilikuwa bado inauma kwa safari ya juzi. Lakini muhuri wa Bwana Misitu ulikuwa mahali pake, na tarehe ilikuwa ya leo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba. Tuondoke, jua limekwisha kupanda."

Mama Cornel alikuwa kikongwe mwembamba, aliyetembea tangu alfajiri ya jana kutoka makazi mapya yaliyo upande wa Geita. Miaka miwili iliyopita serikali iliwahamisha watu wote wa sehemu hizi kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na vijiji vyao vikaachiwa msitu. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia hifadhini ila kwa cheti, tena akiongozwa na mlinzi. Mlinzi mwenyewe ndiye Theonest. Mwezi ule alikuwa amekwisha kuwapeleka watu wanne kuyafukua mabaki ya jamaa zao, na kila mmoja alilia njia nzima.

Huyu hakulia. Jambo hilo lilimchosha Theonest zaidi, kwa kuwa hakujua la kumwambia.

Walitembea kwa muda wa saa tatu. Miti iliziba anga, mbega wakaruka juu yao bila kelele, na mbung'o wakawauma shingoni hata wakachoka kuwafukuza.

"Tunamwendea nani, Mama?" aliuliza Theonest.

"Cornel, kifungua mimba wangu. Alikuwa askari. Barua ya kifo chake ililetwa mwaka wa arobaini na nne."

"Pole sana."

"Ahsante. Tazama mbele, usije ukaanguka, nikalazimika kukubeba."

Theonest alicheka kidogo, kisha akahema. "Huna mwanamume wa kukuchimbia?"

"Wazee wa ukoo hawaiwezi safari hii. Yupo mmoja mwenye nguvu, lakini kaburi hili yeye haruhusiwi kuligusa."

Mkwe huyo, alidhani Theonest, naye hakuuliza zaidi.

"Na tusipoliona leo?"

Kikongwe alisimama kwa mara ya kwanza tangu waondoke. "Bwana Misitu ameniambia hatatoa cheti cha pili. Nami siwezi kurudi bila kulifungua. Wazee wamekwisha kusema neno lao, hawalirudii."

Mahali palipokuwa kijiji palitambulikana kwa minyaa tu. Ua uliokuwa ukipandwa kufika kifuani sasa ulikuwa mrefu kuliko nyumba, na ndani yake vichaka vilikuwa vimeshikana. Mama Cornel alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Mara ya kwanza alionyesha mahali, wakachimba, wakakuta mzizi. Mara ya pili wakakuta mwamba. Jua lilikuwa limekwisha kupita utosini.

"Mama, ikifika saa tisa sharti tuondoke. Ndivyo ilivyo amri."

"Niache kwanza niyaone mafiga yangu."

Aliyakuta chini ya majani, mawe yote matatu, meusi bado. Aligeuka, akahesabu hatua kuelekea machweo, akikosea na kuanza upya, hata akakanyaga mahali palipobonyea kidogo.

"Hapa."

Theonest alilishika jembe. Mgongo ulimuuma, jasho likamwingia machoni, na mara kwa mara alipumzika akiuegemea mpini.

"Unachimba kama unayemkuna mtoto mgongoni," alisema Mama Cornel.

"Nguvu zimekwisha, Mama."

"Haziishi. Zimelala tu. Ziamshe."

Alichimba. Shimo lilimfika kiunoni, kisha jembe likagusa blanketi. Theonest aliivua kofia yake, akapanda juu, akageuza uso pembeni. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mama na mwanawe, na mgeni hakustahili kuitazama.

Alimsikia akishuka kwa shida, akalisikia lile blanketi likiraruka. Hakusikia kilio. Ndipo alipokumbuka kwamba kikongwe yule hakuja na shuka, wala sanduku, wala hata kikapu cha kuchukulia mifupa. Aligeuka, akachungulia shimoni.

Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na fuvu, wala kifungo cha shati, wala ukanda. Ndani ya blanketi lililooza mlikuwa na nyuzi nyeusi za mgomba, basi.

"Mama! Mama, mwanao ameibwa!"

Mama Cornel alipanda, akaketi ukingoni mwa shimo, akafungua fundo la kaniki yake, akatoa kiberiti. Akamnyoshea Theonest.

"Hakuna aliyeiba, Baba. Barua ilikuja bila maiti, nasi kwa desturi yetu tukauzika mgomba kwa jina lake. Uchome upesi, twende zetu: Cornel amerudi, leo ni siku ya nne amekaa nje ya ua wangu, na wazee wamemkataza kuvuka kizingiti kabla kaburi lake halijafunguliwa."