Mlango wa Chaki

Mwalimu Kizito alichora mstari wa chaki katikati ya jukwaa, akamwita Mishi. "Huo ndio mlango. Bisha hodi, uingie. Zoezi la kwanza la uigizaji ni hilo tu."

Ni hilo tu, lakini wanafunzi wenzake wote walikuwa wamemkodolea Mishi macho. Alikunja ngumi, akagonga hewa. "Hodi." Ilitoka kama mnong'ono.

"Hata panya hajakusikia," alisema mwalimu.

"Hodi!" Kimya. "Hodi jamani!" Kimya. Mishi akageuka, akaanza kushuka jukwaani. Darasa zima likaangua kicheko.

"Unakwenda wapi, binti?"

"Nimebisha mara tatu, mwalimu, hakuna aliyeitikia. Mtu wa adabu huondoka."

Mwalimu hakucheka. "Nyumba ya nani hiyo?"

Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa, maana alikuwa ameuona: mlango wa bluu, rangi imebabuka chini. "Ya mama."

"Hayumo?"

"Yumo. Ananisikia. Tangu nilipotoroka hajapata kunifungulia."

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja nyuma alifungua kinywa amwitikie, "Karibu." Mwalimu akamzuia kwa mkono.

"Rudi, Mishi. Bisha tena."

Alirudi, akasimama vidole vya miguu vikigusa chaki. Akainua ngumi. Kabla hajabisha alisikia, upande wa pili, komeo likivutwa taratibu.