Tarehe ya Kurudi

"Chuo chetu cha mtandaoni hakina haraka, dada," karani wa ufadhili aliniambia kwenye simu. "Unaanza mwezi wowote, unapumzika upendavyo. Ila ufadhili ni kitu kingine. Ukipumzika siku arobaini na tano bila kuwa umeandika tarehe ya kurudi, unahesabiwa umeacha masomo. Sheria ni msumeno."

Nilikuwa nimepumzika siku hamsini na mbili, nikimuuguza mama. Tulimzika juzi.

"Fomu ya kuomba mapumziko umeijaza vizuri," akaendelea. "Umeacha nafasi moja tu. Kwa nini hukuandika tarehe, hata ya kubahatisha?"

Niliitazama miwani ya mama juu ya cherehani yangu, imefungwa uzi mwekundu pale ilipovunjika. Niliifunga mwenyewe siku ile ya fomu. Akaivaa palepale, akaniegemea begani aone mwanawe anavyoandika mambo ya chuo kikuu.

Daktari alikuwa ameshaniambia amebakiza wiki ngapi za kuishi. Mama aliamini anapona.

"Dada, upo? Kwa nini hukuandika?"

"Mama alikuwa anasoma kila nilichoandika," nikasema.