Kicheche Achagua Tangi

Hapo kale aliishi Kicheche aliyependa kuonekana mjuzi. Alimleta Perege nyumbani, akamwacha kwenye ndoo huku akitafakari tangi la kumfugia.

"Kioo hakikwaruziki ovyo, ila ni kizito na huvunjika," alisema. "Akriliki ni plastiki nyepesi, haivunjiki upesi, lakini ukiisugua inachubuka."

"Bwana Kicheche, hewa inaniishia humu," Perege akamsihi. "Lolote litanifaa."

"Wewe samaki tu. Habari za ubora utazijulia wapi?"

Akazunguka madukani wiki nzima, akarudi na tangi la kioo. Akawaita majirani, akammimina Perege humo. Perege akaelea chali.

"Mbona amekufa?" Nungunungu akauliza.

Kicheche akakipangusa kioo kwa fahari. "Ingekuwa akriliki, usingemwona vizuri hivi."